Saa ya Schramberg kwenye Ardhi ya Nairobi

Chukua saa ya mezani ya Kijerumani ya miaka mia moja iliyopita, yenye kasha la mbao, uso mweupe, tarakimu nyeusi na pendulamu fupi inayobembea ndani. Irekebishe kwao, katika mji wa Schramberg ulio kwenye Msitu Mweusi, mpaka isitangulie wala isichelewe. Kisha ilete Nairobi, uiweke juu ya kabati Kibera au Kawangware bila kugusa chochote. Itachelewa zaidi ya dakika mbili kila siku. Mwezi ukiisha itakuwa nyuma kwa zaidi ya saa nzima. Fundi akiifungua ataikuta springi ni nzima, meno ya magurudumu yameshikana vizuri, na nyundo ya kengele iko mahali pake. Hakuna kilichoharibika.

Sababu iko chini ya miguu yetu. Dunia haikuviringana sawasawa. Imetanuka kiunoni na kubonyea kidogo kwenye ncha zake. Nairobi iko kusini kidogo tu mwa Ikweta, tena imeinuka mita 1,700 hivi juu ya bahari. Anayesimama hapa yuko mbali zaidi na kitovu cha dunia kuliko anayesimama Schramberg, na mzunguko wa dunia humpunguzia uzito kidogo zaidi. Kwa hiyo ardhi ya hapa huvuta kwa nguvu pungufu. Tofauti ni ndogo, sehemu tatu hivi katika kila elfu, lakini pendulamu huihisi usiku na mchana, na kila inapobembea huchelewa kidogo sana.

Mfaransa Jean Richer alikutana na jambo hili mwaka 1672, alipotumwa Cayenne, Amerika ya Kusini, kutazama nyota karibu na Ikweta. Saa iliyokuwa sahihi Paris ilichelewa kule dakika mbili na nusu kwa siku, naye akalazimika kuifupisha pendulamu. Wapo waliomshuku kwamba hakuwa makini. Lakini mwaka 1687 Isaac Newton, katika kitabu chake cha Principia, aliutumia ushahidi huo kuonyesha kwamba dunia imetanuka kwenye Ikweta. Kuchelewa kule kulikodhaniwa kuwa uzembe kukawa ushuhuda wa umbo la sayari yetu.

Nalitafakari jambo hili kwa sababu linagusa hukumu tuliyoizoea. Kitu kikitoka Ulaya kikafika kwetu kikasuasua, huwa tuna majibu mawili tayari. La kwanza husema kitu ni kizuri ila mahali ndipo pabaya: watu wa huku hawajui wakati, hawajui kutunza. La pili husema kitu ni cha wageni, hakituhusu, na kitupwe. Saa ya pendulamu huyakataa yote mawili. Saa ni nzuri na mahali hapana kasoro. Anayehitajika ni mtu wa kuipatanisha saa na mahali. Ninaamini kwamba mtu huyo ni mtengenezaji kamili, sawa na yule aliyepiga mhuri wa jina lake nyuma ya mtambo, na kwamba maana ya kitu cha kale haikamiliki mpaka naye ahesabiwe.

Tuanze na huyo aliyepiga mhuri. Nyuma ya saa za mezani za Kijerumani utasoma majina mengi: Kienzle, Mauthe, Gustav Becker, Junghans. Nitashika la mwisho, kwa kuwa kiwanda chake ndicho kilichokuja kuwa kikubwa kuliko vyote. Nembo yake, iliyosajiliwa mwaka 1890, ni nyota yenye ncha nane na herufi J katikati. Mitambo yake mingi ya mwanzoni mwa karne ya 20 ina pia herufi A au B na tarakimu mbili: herufi ni nusu ya mwaka, tarakimu ni mwaka wenyewe. Anayekuta B13 anajua kwamba mtambo ulitoka kiwandani katika miezi sita ya mwisho ya 1913.

Watu waliozaa kiwanda hicho hawakuwa matajiri. Msitu Mweusi ni nchi ya milima, misonobari na theluji. Kuanzia karne ya 17, wakulima wa huko waliokosa kazi ya shamba wakati wa baridi walikaa ndani wakachonga saa za mbao, na wachuuzi wakazibeba mgongoni, wakapita nchi baada ya nchi wakiziuza mlango kwa mlango. Katikati ya karne ya 19 riziki hiyo ilitikisika. Marekani ilianza kutoa saa za bei nafuu kwa mashine, na mkono wa mkulima haukuweza kushindana nazo. Ndipo mwaka 1850 serikali ya Baden, mojawapo ya dola za Kijerumani za wakati ule, ikafungua chuo cha saa katika mji wa Furtwangen, kikiongozwa na Robert Gerwig, mhandisi aliyekuja kujenga reli ya milima hiyo hiyo.

Mwaka 1861, ng'ambo ya mpaka katika dola jirani ya Württemberg, Erhard Junghans na shemeji yake Jakob Zeller-Tobler walianzisha karakana Schramberg. Mwanzoni waliunda vipande tu vya kuwauzia wengine. Baadaye ndipo wakaunda saa nzima. Kaka yake Erhard, Xaver, alikuwa ameishi Marekani, akarudi na ujuzi wa mashine za huko. Erhard alifariki mwaka 1870, na mjane wake Luise akaishika kampuni mpaka watoto wao walipokomaa. Mmoja wao, Arthur, naye alikwenda Marekani kujifunza uzalishaji wa wingi. Kufikia 1903 Junghans ilikuwa na wafanyakazi wapatao 3,000 na ilitoa takriban saa milioni tatu kwa mwaka. Hakuna kiwanda cha saa duniani kilichoifikia.

Ukiisoma historia hiyo kwa utulivu, utaona kwamba asili haina sakafu. Ndani ya saa tunayoiita ya Kijerumani mna ujuzi wa Kimarekani. Ndani ya ujuzi huo mna pendulamu ya Christiaan Huygens, Mholanzi aliyebuni saa ya kwanza ya namna hiyo mwaka 1656. Ukichimba chini ya kila mwanzo utakuta mwanzo mwingine. Familia ya Junghans haikuumba kutoka utupu. Ilipokea kilichotoka mbali, ikakilinganisha na mbao, shaba, maji ya mto na mikono iliyokuwapo Schramberg. Kisha ikakitia jina lake bila haya. Aliyepokea na kulinganisha ndiye tunayemwita leo mwasisi. Basi kwa nini anayefanya kazi hiyo hiyo Kawangware aitwe mtu wa kubahatisha?

Hata wakati wenyewe, huo tunaoudhani umeshuka kutoka mbinguni ukiwa umekwisha kugawanywa, ulirekebishwa na watu. Ujerumani haikuwa na saa moja ya nchi nzima hadi tarehe 1 Aprili 1893. Kabla ya hapo miji yake mingi ilifuata jua lake yenyewe, na wasafiri wa treni walihangaika. Miaka mitatu tu baadaye, mwaka 1896, Waingereza walianza kulaza reli ya Uganda kutoka Mombasa, ile ambayo njia yake hukatiza Kibera hadi leo. Na Nairobi iliyozaliwa na reli hiyo ilibadilishiwa saa zaidi ya mara moja. Kuanzia mwanzoni mwa 1930 hadi mwisho wa 1936 ilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na dakika 30. Kisha hadi katikati ya 1942 ikawa saa mbili na dakika 45. Ndipo ikafikishwa tatu kamili tunazozijua. Mwenye saa ya Junghans ukutani au mezani katika miaka hiyo alilazimika kuisogeza mishale kwa amri iliyochapishwa na serikali, na jua halikutikisika.

Wenyeji nao walifanya marekebisho yao, makubwa kuliko ya serikali, wala hawakuandika sheria. Kule Schramberg siku ya katikati ya kiangazi ina takriban saa 16 za mwanga, na ya katikati ya baridi nane tu na kitu. Jua la namna hiyo haliaminiki kwa ratiba, ndiyo maana watu wa huko walihitaji mtambo usiolitazama jua. Hapa kwetu jua huchomoza na kuzama karibu wakati ule ule mwaka mzima. Kuhesabu saa tangu alfajiri ni hesabu ya watu wenye jua la kutegemewa. Basi mtoto wa Kibera hutazama mshale ulio kwenye nane, akasema ni saa mbili asubuhi, na hakosei. Anausoma uso wa saa ya ugenini kwa kanuni ya jua la nyumbani, papo hapo, bila kalamu wala karatasi. Tumelizoea jambo hili hata hatuoni kwamba ni tendo la akili. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Saa nayo ilipewa jembe lake, ikalima kwa desturi ya shamba ilipofikia.

Sasa mfikirie fundi wa saa wa Kawangware, mwenye meza ndogo kando ya soko, kioo cha kukuzia jichoni, kibano, brashi na bisibisi nyembamba. Kazi yake ya kila siku ni kubadilisha betri na kupunguza mikanda. Tangu saa za kwatzi zilipoenea katika miaka ya 1970, saa ya ukutani inayotumia betri moja ndogo hununuliwa kwa bei isiyofika hata gharama ya kuitengeneza ya zamani. Kwa hiyo saa ya mezani ya kutia ufunguo ikifika mezani pake huwa imeletwa na mtu mwenye sababu: ilikuwa ya babu, au imetoka katika nyumba ya mwajiri wa zamani, au imepatikana kwenye rundo la mitumba katika soko la Toi ikampendeza mtu kwa uzuri wake.

Kwanza huilegeza springi polepole, maana springi iliyokazwa ikifyatuka hukata kidole. Kisha huvitoa vipande kimoja kimoja, akavisafisha kwa petroli, kwa sababu mafuta ya zamani huganda yakashikana na vumbi yakawa kama msasa. Hutazama matundu ambamo ncha za ekseli huzunguka. Shaba ikiliwa, tundu hupoteza uduara, magurudumu hukaa upande, na nguvu ya springi hupotea njiani. Hapo hutia bushi mpya. Akishaiunganisha, huiweka juu ya meza na kutega sikio: pigo la kwenda na pigo la kurudi lazima yalingane. Yasipolingana, saa itasimama baada ya muda, hata kama kila kipande ni kizima. Meza ikiwa na mwinamo, hutia kipande cha kadibodi chini ya kasha. Mwisho huilinganisha na simu yake kwa siku kadhaa, na kila siku huigusa nati iliyo chini ya pendulamu, akaupandisha ule uzito kidogo kidogo.

Kwa pendulamu ya sentimita 12, umbali wote anaopaswa kuupandisha ili saa iliyowekwa sawa Schramberg iwe sawa Nairobi hauzidi unene wa ukucha. Tofauti ya nchi na nchi, ya latitudo na latitudo, ya bonde la Ulaya na uwanda wa juu wa Afrika Mashariki, yote inaingia hapo. Fundi huenda hajalisikia jina la Richer, wala hajaiona hesabu ya Newton. Lakini vidole vyake vinajibu swali lile lile walilolijibu wao, na saa husema kweli kwa sababu yake. Kiwanda kilitoa mtambo wa kuhesabu. Ukweli wa hesabu hiyo hapa Nairobi umetoka kwa fundi.

Katika Msitu Mweusi huo huo, juu ya mlima wa Todtnauberg, mwanafalsafa Martin Heidegger alijenga kibanda mwaka 1922, na kitabu chake juu ya kuwapo na wakati kikatoka mwaka 1927. Humo alifundisha kwamba chombo kinachofanya kazi vizuri hatukioni. Anayepigilia misumari haioni nyundo, huona kazi yake. Chombo hujitokeza machoni petu siku kinapovunjika. Hapo ndipo tunauona pia mtandao mzima wa watu, mahitaji na mahali kilipokuwa kimefungamana. Naona ukweli wa fikra hiyo katika kila saa iliyosimama. Ikiwa inatembea, huitazami, unatazama wakati. Ikisimama, ndipo unapouliza imetoka wapi, nani aliiunda, nani ataiamsha. Ila Heidegger alitazama zaidi mshtuko wa kuvunjika. Anayeishi Kibera angeongeza sura ya pili, ya kutengeneza, kwa kuwa huku vitu huvunjika kila siku na maisha hayangoji. Kuvunjika hutufunulia kitu, na kutengeneza hutufunga nacho. Ukishakilipia kitu kiinuke tena, umekichagua mara ya pili, na uchaguzi wa pili una maana nzito kuliko wa kwanza, kwa sababu sasa unakijua udhaifu wake.

Lakini ujuzi wa wakati haumfanyi mtu kuwa mwema. Heidegger huyo huyo alijiunga na chama cha Nazi mwaka 1933. Na kiwanda cha nyota yenye ncha nane kiliunda, katika vita vyote viwili vya dunia, fyuzi za makombora, yaani mitambo midogo inayohesabu sekunde kabla ya mlipuko. Meno yale yale ya shaba yaliyoita watu mezani yalipima pia kifo. Kampuni iliyotokana na tawi la fyuzi la kiwanda hicho bado hufanya kazi hiyo. Hatuna haki ya kuipenda saa kwa kuifichia sehemu hii ya ukoo wake. Kumjua aliyeunda kitu ni kuyajua yote aliyoyaunda.

Vita hivyo vya kwanza vinatuleta Kibera moja kwa moja. Askari wa Kinubi, wenye asili ya Sudan, waliotumikia King's African Rifles walikuwa wamepewa makazi kwenye kilima hicho chenye msitu mwanzoni mwa karne iliyopita. Kikosi chao kilipigana na Wajerumani wa Afrika Mashariki. Ulaya, bunduki zilinyamaza saa tano asubuhi tarehe 11 Novemba 1918. Huku kwetu mapigano yaliendelea siku chache zaidi, kwa kuwa habari zilikuwa bado njiani, na Jenerali Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani hao, alisalimu amri tarehe 25 Novemba huko Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, Zambia. Saa ileile ya amani haikufika kila mahali kwa wakati mmoja. Wapo waliokufa katika siku hizo za katikati, wakati kwenye saa za Ulaya vita vilikuwa vimekwisha.

Mwaka huo huo wa 1918 serikali ilitangaza Kibera kuwa hifadhi ya kijeshi yenye ekari 4,197 hivi. Wanubi waliruhusiwa kukaa, ila ardhi haikuandikwa kwa jina lao. Walizaa, wakazika, wakajenga misikiti Makina, wakawakaribisha wapangaji kutoka kila pembe ya Kenya, na bado machoni pa sheria walihesabiwa kama watu wa muda. Mwaka 2011 kamati ya Afrika ya haki za mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imewakosea watoto wa Kinubi katika suala la uraia. Hatimiliki ya ardhi ya jumuiya yao ilitolewa Juni 2017, na ilikuwa ya ekari 288. Kati ya tangazo na hati ilipita miaka 99.

Hakuna saa, hata itengenezwe na nani, inayopima wakati wa namna hiyo. Mshale hupita kwenye dakika ya anayesubiri kwa mwendo ule ule unaopita kwenye dakika ya anayesubiriwa. Lakini dakika hizo hazilingani. Mwanamke anayetoka Kawangware alfajiri kwenda kufua nguo katika nyumba za Lavington hukatwa ujira akichelewa. Anayemwajiri akichelewa kumlipa, hakuna anayekatwa chochote. Kijana wa Kibera hufika mahali pa vibarua Industrial Area kabla ya lango kufunguliwa, na lango hufunguliwa wenye lango wanapotaka. Watu hawa ndio wanaoambiwa hawajui wakati. Wanaujua kuliko wote, maana wanaulipia.

Profesa John Mbiti, Mkenya wa Ukambani, alilishughulikia jambo la wakati katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Alisema kwamba katika fikra za kale za Kiafrika wakati si kitu kinachopita chenyewe. Wakati hutungwa na matukio, na matukio hayo husogea kutoka Sasa yakazama katika Zamani, bahari inayopokea kila kitu. Aliongeza kwamba wakati ujao wa mbali haukuwa na nafasi kubwa katika fikra hizo, na hapo wanafalsafa wengine wa Kiafrika, akiwemo Kwame Gyekye wa Ghana, walimpinga. Mimi nakubaliana na waliompinga katika hilo, kwa kuwa anayepanda mkahawa au kumpeleka mtoto shule tayari ameikopesha kesho. Lakini nashika sehemu ya kwanza ya fundisho lake: wakati wenye maana ni ule uliojazwa tendo. Saa ya B13 iliyokaa imesimama miaka 40 ndani ya kasha haikuwa na wakati. Siku fundi alipoigusa na nyumba ikasikia kengele yake, tukio lilizaliwa, na likastahili kuingia Zamani likiwa na jina la aliyelitenda.

Historia ina mfano mmoja wa haki katika jambo hili, nao ulionwa na dunia nzima. Katika Michezo ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972, Junghans ndiyo iliyokuwa na kazi ya kupima muda. Katika mbio za mita 3000 za kuruka viunzi na maji, Kipchoge Keino alimaliza kwa dakika 8 na sekunde 23.64, na Ben Jipcho, Mkenya mwenzake, akafika kwa 8:24.62. Dhahabu na fedha zikaja Kenya zikiwa zimetenganishwa na chini ya sekunde moja. Kisha Charles Asati, Hezahiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang wakashinda mita 400 za kupokezana vijiti. Kampuni iliyoanzia kwa vipande vya saa kule Schramberg ilihesabu, na Wakenya wakaijaza hesabu hiyo. Katika kumbukumbu yameandikwa majina ya wakimbiaji pamoja na muda wao, kama inavyopaswa. Bila wao, mtambo ungehesabu utupu.

Ninachotaka ni kwamba haki hiyo ifike pia kwenye meza ya fundi. Katika Kibera wapo mafundi wanaochonga mifupa na pembe za ng'ombe, na wengine wanaoyeyusha shaba ya makufuli na mabomba makuukuu wakaunda mapambo mazuri. Kazi nyingi za namna hiyo husafiri ng'ambo zikavaa jina la muuzaji, na mikono iliyozifanya ikabaki bila kutajwa. Hata Schramberg ilikuwa hivyo: nyota moja iliwafunika maelfu ya wanaume na wanawake, wengine wakifanya kazi hiyo nyumbani kwao kwa ujira mdogo. Hatuhitaji kurudia dhambi hiyo ili tuwe na sifa ya viwanda. Tunaweza kurudia jambo jema walilofanya. Riziki ya saa ilipotikisika, Baden haikuwaambia watu wake kwamba ufundi ni wa walioshindwa masomo. Iliwajengea chuo, na chuo kile cha Furtwangen ni chuo kikuu leo. Serikali zetu, ya taifa na ya Kaunti ya Nairobi, zinaweza kumtambua fundi wa kando ya soko kuwa mwalimu, zikampa wanagenzi, chumba chenye mwanga na cheti kinachoheshimiwa.

Mengine hayahitaji serikali. Mafundi wa saa wa Ulaya wamekuwa na desturi ya kukwaruza jina lao na tarehe ndani ya saa waliyoitengeneza, mahali ambapo fundi wa baadaye tu atapaona. Fundi wangu, wa Kawangware, wa Makina, wa Gatwekera, wa Toi, fanya hivyo. Andika jina lako, mtaa wako na mwaka, chini ya jina la kiwanda na kwa mkono usiotetemeka. Nawe msomaji, kama kwenu kuna saa iliyosimama aliyoiacha babu au nyanya, usiitupe wala usiiuze kabla hujaipeleka kwa fundi. Mlipe bei anayostahili, na kabla hajafunga kasha, mwombe aandike jina lake.